Nimechoka na kazi, nataka kuendesha gari hadi jangwani. Nitafika?

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi ni mhasibu, nina miaka 34. Ofisi yangu iko Posta, Dar es Salaam, na nakaa Tegeta. Tangu Januari tunafunga hesabu. Wakaguzi wamekuja, wameondoka, wamerudi tena. Naingia saa moja asubuhi, natoka saa tatu usiku. Juzi nilijikuta nimefika Mwenge na sikumbuki kama nilipita Morocco. Nimeomba likizo ya siku 12 mwezi wa saba. Nataka kuendesha mwenyewe RAV4 yangu ya mwaka 2004 hadi jangwa la Namib, mimi na mdogo wangu wa kike, nikakae mahali pasipo na mtu wa kuniuliza kitu. Mama anasema nimechanganyikiwa. Je, nitafika?"

Marahaba, mwanangu. Kufika utafika. Kurudi ofisini siku ya 13 ndiko hutarudi.

Tupige hesabu, maana hesabu ndiyo kazi yako. Dar hadi Tunduma, mpakani na Zambia, ni kilomita 900 na ushei. Nakonde hadi Lusaka zaidi ya 1,000. Lusaka hadi Livingstone karibu 500, kisha Sesheke uvuke kwenda Katima Mulilo, Namibia, na hapo Windhoek bado iko mbele kwa kilomita 1,200 nyingine. Ukifika Windhoek hujaona mchanga. Matuta mekundu ya Sossusvlei yako zaidi ya kilomita 300 tena, nyingi zake ni kokoto. Jumla inapita kilomita 4,000 kwenda tu. Ukiendesha 600 kwa siku, na hizo ni nyingi kwa mtu aliyelala vizuri, ni siku saba kwenda na saba kurudi, bado hujahesabu foleni ya malori Tunduma. Siku ulizoomba ni 12.

Lakini si Namib iliyonishtua katika barua yako. Ni Mwenge. Kutoka Morocco hadi Mwenge kuna taa, kuna bodaboda wanaokata mbele yako, kuna daladala zinazosimama popote dereva anapoona mkono umenyanyuka. Kama ulipita vyote hivyo na hukumbuki, basi ulikuwa umelala macho wazi. Nimeendesha watalii miaka 26, na sasa nipo Kigamboni nafundisha madereva. Mwanafunzi akiniambia sentensi kama yako namnyang'anya ufunguo siku hiyo hiyo. Barabara ya mjini ina kelele za kukuamsha. Kipande cha kati ya Same na Mwanga, kwenye njia ya kaskazini nitakayokupeleka badala ya Namib, kimenyooka, kina jua na upepo wa aina moja tu, na hakimwamshi mtu.

Kwa hiyo siku ya kwanza ya likizo huendi kokote. Unalala. Tegeta hapo hapo, pazia limefungwa, simu kwa mdogo wako. Usinifanyie hesabu ya "nitalala Arusha". Usingizi wa miezi sita haulipwi kwa usiku mmoja, ila usiku mmoja na mchana wake unakutoa kwenye hatari ya kwanza.

Sasa jangwa. Sisi Tanzania hatuna jangwa kwa kipimo cha vitabu vya jiografia, vinavyotaka mvua isiyozidi milimita 250 kwa mwaka. Tunayo nyika kame, na ile ninayokupeleka ina kila kitu ulichokitaja kwenye barua yako: Ziwa Natron. Liko chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, na nyanda za juu za Ngorongoro zinalikinga mvua. Magadi meupe, majivu ya volkano, miti ya miiba iliyotawanyika kama watu waliogombana, na Ol Doinyo Lengai umesimama peke yake. Kwa Kimasai jina hilo maana yake ni Mlima wa Mungu. Kutoka Tegeta ni karibu kilomita 870, na hakuna mpaka wa kuvuka.

Kuna wanaoulizia Chalbi, kule Marsabit nchini Kenya, na ni jangwa la kweli: kitanda cha ziwa lililokauka, tambarare mpaka macho yanachoka. Lami sasa inakwenda kutoka Isiolo hadi Marsabit na kuendelea Moyale, lakini kutoka hapo kuelekea Kalacha na North Horr utahitaji gari la pili la kufuatana nalo, na mvua ikinyesha ule udongo unageuka uji. Ni safari ya wiki tatu. Namib nayo siifuti. Ukiitamani sana, panda ndege hadi Windhoek, kodi gari pale, wao pia wanaendesha kushoto kama sisi. Ila si mwaka huu, na si kwa RAV4 kutoka Tegeta.

Siku ya pili ondoka saa kumi na moja alfajiri, si saa mbili, la sivyo Mbezi na Kibaha zitakula asubuhi yako yote na utafika Chalinze umeshakasirika. Kunywa chai Korogwe. Lala Same, karibu kilomita 450, hata kama jua bado liko juu na unajiona una nguvu. Hizo nguvu za siku ya kwanza ni za uongo; ni mwili umezoea kukimbizwa. Kila saa mbili simama, shuka, zunguka gari, gusa tairi kwa kiganja. Tairi moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, ina jambo. Kwenye makazi ni 50 kwa saa, na wazee wa tochi, polisi wa kupima mwendo, wako chini ya kila mwembe. Ukikamatwa usibishane, lipa faini upewe risiti yako uendelee.

Usiku usiendeshe. Hili sina mjadala nalo. Lori likiharibika, utingo hukata matawi na kuyatandaza barabarani nyuma yake, na mara nyingi hiyo ndiyo alama pekee utakayopewa, hakuna taa wala kiakisi. Mchana ukiona majani mabichi kwenye lami unapunguza mwendo. Usiku unayaona ukiwa juu yake.

Siku ya tatu pita Moshi na Arusha, katia kulia Makuyuni, lala Mto wa Mbu. Ni kilomita 300 hivi, zote lami. Hapo jaza tanki hadi mdomoni, maana ndicho kituo cha mafuta cha mwisho cha kutegemea. Kwa safari nzima, kwenda na kurudi na mizunguko midogo, weka lita 200. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, basi zidisha mwenyewe.

Kutoka Mto wa Mbu kwenda kaskazini kuna kilomita 120 hivi, na ndizo zitakazokula muda kuliko zote zilizotangulia. Saa nne, pengine tano. Barabara imejikunja kama bati, kisha inakuwa mawe, kisha vumbi laini la majivu ambalo linaonekana kama ardhi lakini gari likiingia linashuka. Katikati kuna makorongo yanayoteremsha maji kutoka milimani. Mwezi wa saba kwa kawaida ni makavu. Ukikuta lina maji, hata ya kufika magotini, simama usubiri. Ni maji ya mvua iliyonyesha mbali, na mara nyingi hupungua kwa saa chache.

Na hapa tunafika kwenye usukani. Umeandika unataka kuendesha mwenyewe, na ninaelewa. Mtu ambaye mwaka mzima anaendeshwa na ratiba za wengine hupenda kukata kona kwa hiari yake. Sikunyimi. Lami yote ni yako. Ila kwa hicho kipande cha mwisho ushauri wangu ni kwamba uiache RAV4 kwenye ua wa nyumba ya wageni Mto wa Mbu, ukodi Land Cruiser pamoja na dereva mwenyeji. Si kwamba huwezi. Ni kwamba kwenye barabara kama ile dereva anaamua jambo kila sekunde tatu: kushoto au kulia kwa jiwe, gia ya pili au ya kwanza, mchanga huu unabeba au haubebi. Wewe unakimbia kazi ya kuamua. Kwa nini uibebe kwenye buti?

Ukikataa, na nahisi utakataa, basi tulitengeneze gari.

Kwanza uhakikishe kama yako ni foo-wili, yaani inavuta magurudumu yote manne. RAV4 nyingi za mjini huvuta mbele tu, na mwenye gari hajui mpaka siku ya matope. Kama ni ya kuvuta mbele, mjadala umekwisha, kodi Cruiser. Kama ni foo-wili, bado haina gia ya nguvu, kwa hiyo ni gari la kwenda taratibu, si la kupambana. Peleka gereji wiki mbili kabla, si juzi yake, ili kitakacholegea kilegee ukiwa Dar. Bushi, shokapu, feni belti, na mipira yote ya rejeta. Ukiisha kulichukua, nenda nalo Bagamoyo na kurudi, kisha fungua boneti na ushike kila klipu kwa mkono wako.

Nalisema hili kwa uchungu. Mwaka fulani gereji moja mjini, siitaji, ilinibadilishia mpira wa juu wa rejeta na kuufunga kwa klipu iliyokuwa kubwa kuliko mpira wenyewe. Ilivumilia lami yote. Nilipofika jirani na Engaruka, saa saba mchana, ukachomoka. Nilisikia mlio kama wa jiko la mchina likizimwa, kisha kioo cha mbele kikawa cheupe kwa mvuke. Nikazima, nikashuka, na kosa langu la kwanza lilikuwa kutaka kufungua kifuniko. Kilichonizuia ni mzee wa Kimasai aliyekuwa chini ya mgunga na mbuzi wake, alikuja taratibu, akanisukuma mkono kwa fimbo, akasema, "Acha apumue." Nilikaa naye saa nzima na nusu. Kivuli cha gari kilipotoka chini ya bampa na kufika kwenye kokoto aliyokuwa ameiwekea alama, akanyanyua kichwa: sasa. Tulirudisha mpira, tukaukaza kwa waya wa fensi, tukajaza maji ya mfereji kutoka dumu la kijana wake. Nilifika Natron. Tangu siku ile siendi bila klipu za akiba za saizi tatu, bisibisi, waya na dumu la maji ya gari peke yake, lisiloguswa na mnywaji.

Mchanga una dawa moja, nayo ni upepo. Tairi zako huenda zina PSI 32. Ukiona gari linaanza kuzama au unaona vumbi refu mbele, simama mahali pagumu na upunguze hadi 18. Hakuna ufundi hapo: toa kifuniko cha vali, bonyeza kipini cha ndani kwa kijiti, pima, rudia magurudumu manne. Tairi linalala na kukanyaga kwa upana kama mguu wa ngamia. Ukiisha kunasa, usikanyage mafuta. Kila unavyokanyaga ndivyo unavyochimba, na mdogo wako atakayekuwa nyuma akisukuma atakula mchanga. Fukua mbele na nyuma ya kila gurudumu kwa koleo, nyoosha usukani, rudi nyuma kwa njia ile ile uliyokuja nayo. Baadaye jaza upepo tena kabla ya kukimbia, kwa hiyo nunua ile pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari, na kipimo chako mwenyewe. Ongeza tairi la akiba lenye upepo (umelipima lini mara ya mwisho?), jeki, na kipande cha ubao cha kuwekea jeki chini, maana bila ubao jeki inashuka badala ya gari kupanda.

Usiendeshe pembezoni mwa ziwa. Kwa mbali magadi yanaonekana magumu kama sakafu, lakini ni gamba juu ya tope, na tope lenyewe linababua ngozi. Gari lililozama hapo halitolewi kwa kusukuma.

Maji ya kunywa na kupikia, lita sita kwa kila mtu kwa siku, hata kama kambi imekuahidi maji. Wewe na mdogo wako mkiwa na madumu matatu ya lita 20 tangu Mto wa Mbu, mko salama hata gari likilala njiani. Pakiti za chumvi za kuongeza maji mwilini, za duka la dawa, kumi. Nguo za pamba za mikono mirefu, na khanga mbili kila mmoja. Khanga ni kivuli, ni taulo, ni pazia la dirisha la gari. Njiani kuna malango ya ushuru, na ada zake hubadilika, basi piga simu kambini kabla ya safari uulize za sasa, na uwe na noti mkononi na salio kwenye simu, vyote viwili.

Ukifika Engare Sero, kijiji cha jirani na Ziwa Natron, kaa. Siku nne mchana, usiku nne. Hapo ndipo watu wa ofisini hushindwa. Siku ya kwanza watataka kuona kila kitu kabla ya chakula cha mchana, kana kwamba kuna ripoti ya kuwasilisha. Nimewabeba wengi, nawajua kwa namna wanavyoshuka garini na simu mkononi wakitafuta mtandao kwenye kilima.

Amka kabla ya jua, nenda ufukweni kwa miguu na kijana mwenyeji, uwaone heroe, wale ndege wa waridi ambao wengi tunawaita flamingo. Kwa heroe wadogo, Natron ndiyo sehemu pekee Afrika Mashariki wanapotaga kwa uhakika, kwa sababu fisi na mbweha hawathubutu kukanyaga yale magadi. Saa nne uwe umerudi kivulini. Kuanzia saa tano hadi saa kumi hakuna shughuli, na nasema hakuna: unalala kwenye mkeka, unakunywa maji, unasikiliza upepo ukipiga turubai. Siku ya pili utakasirika kwa kukosa kazi. Siku ya tatu utagundua umekaa saa mbili ukitazama kivuli cha mti kikihama. Ulichokuwa unakitafuta Namib ni hicho.

Jioni nenda kwenye maporomoko ya Engare Sero. Unatembea ndani ya mto wenyewe, maji ya mapajani, kuta za korongo pande zote mbili, mpaka unafika yanapomwagika. Pia mwambie kijana awaonyeshe zilipo nyayo: zaidi ya alama 400 za miguu ya watu kwenye majivu yaliyoganda, za kati ya miaka 5,000 na 19,000 iliyopita. Watu waliokuwa wanapita tu.

Mlima usiupande. Watakushawishi, kwa sababu ni mlima wa ajabu kweli: lava yake ina nyuzi 500 hadi 600 hivi, karibu nusu ya joto la lava za kwingine, inatoka nyeusi kama oili chafu na baada ya muda mfupi inageuka nyeupe. Lakini wanaanza kupanda usiku wa manane, ni mwinuko wa kutambaa hadi karibu mita 2,960, na kushuka kunaumiza magoti kuliko kupanda. Huko ni kukesha. Wewe umekesha tangu Januari.

Kurudi, usirudi kwa pupa. Lala tena Mto wa Mbu, siku ya pili yake endesha hadi Mombo na upande Lushoto, kilomita 33 za kona. Baada ya joto la Natron utalala na blanketi mbili. Kaa huko usiku mbili. Siku ya 11 uwe Tegeta kabla ya giza, na siku ya 12 ibaki tupu kabisa: kufua, kusafisha vumbi la majivu kwenye chujio la hewa, kulala.

Kuhusu ofisi. Umeomba siku 12, sijui kwa nini ulijipunja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo isiyopungua siku 28 mfululizo kwa kila mzunguko wa likizo, sikukuu zikiwa ndani yake. Zile 16 nyingine zidai. Kabla ya kuondoka kabidhi kazi kwa maandishi, mtaje kwa jina anayekukaimu, na uwaambie wazi kwamba kuna siku nne simu haitapatikana. Usiseme "mtandao unaweza kusumbua". Ukisema hivyo watajaribu. Yale makundi ya WhatsApp ya kazini yanyamazishe ukiwa bado Dar, maana kule kuna vichuguu viwili vitatu vinavyoshika mtandao, na utajikuta umesimama juu ya kimoja jioni ya siku ya pili ukijibu swali la wakaguzi.

Mama hajakosea sana, nawe hujachanganyikiwa. Mwandikie kwenye karatasi, si kwenye simu: unalala wapi kila siku, namba ya kambi, namba ya gari, na saa ngapi utampigia kabla ya kuingia kwenye barabara ya vumbi na baada ya kutoka. Mpe na siku ya kuanza kuwa na wasiwasi, ili asianze mapema. Mletee mchele wa Mto wa Mbu. Ndizi nyekundu za pale ni tamu zaidi, lakini hazifiki Tegeta, mtazimaliza Same.